Nani Anajua Nini, na Anakijua Lini

Riwaya zilizopita mikononi mwangu karibuni hazifanani hata kidogo: ya upelelezi, ya ujasusi, ya mapenzi yaliyochanganyika na siasa, ya sayari ya mbali, na moja isiyokubali kuingizwa kwenye fungu lolote. Zote nimezipima kwa kipimo kimoja: nani anajua nini, na anakijua lini. Wahusika na lugha nao nawaangalia, ila nikiona riwaya imelegea, mara nyingi tatizo liko hapo.

Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilichapishwa 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi la 1957/58. Maiti ya mwenye shamba inakutwa mzimuni, na ushirikina unawafunga watu midomo. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni, ndiye anayejua. Rafiki yake Najum na Spekta Seif wa polisi wanabahatisha, nasi wasomaji tumekalishwa upande wa Najum. Mpango huu una hatari yake. Mpelelezi akimficha msomaji alichokiona, msomaji hana cha kufumbua, anabaki kungoja hotuba ya mwisho. Ukitaka kujua kama umetendewa haki, funga kitabu kabla ya sura ya mwisho, chukua karatasi, uwaandike washukiwa wote: kila mmoja alikuwa wapi, angefaidika na nini, na ni jambo gani juu yake limeonyeshwa waziwazi. Wakibaki wawili wenye uzito sawa, mwandishi amekuibia. Kwa maoni yangu Abdulla anaponea chupuchupu, maana Bwana Msa anaeleza kwa urefu kuliko ninavyopenda. Lakini soga lake! Utani na majibizano ya Kiunguja yamebeba nusu ya kitabu, na anayekimbilia kumjua muuaji anayapita bila kuyaonja.

Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974) inageuza mpango huo. Jasusi Willy Gamba anasimulia kwa nafsi ya kwanza, kwa hiyo anachokijua tunakijua papo hapo. Faida yake ni kasi: hakuna kurasa za kupoteza kueleza nani kafika wapi. Hasara yake ni kwamba risasi hazitishi, kwa kuwa anayekusimulia bila shaka alipona. Musiba anaelekea kulitambua hilo, hivyo wasiwasi anauhamishia kwa wengine, yaani yupi kati ya wanaomzunguka Gamba ni adui na yupi hatafika mwisho. Hapo riwaya inafanya kazi. Isipofanya kazi ni kwa wanawake: wengi wanaingia wakiwa wazuri kupita kiasi na kutoka bila kuwa na lolote wanalolijua wao peke yao. Mhusika asiye na siri ni pambo tu, na kwenye hadithi ya kijasusi hilo ni kosa la ufundi, achilia mbali la heshima.

Niliyoipenda zaidi ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya 1999. Yasmin ana miaka 15, ameozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52, naye anakimbia. Angeishia hapo tungekuwa na hadithi ya ndoa ya lazima, na tumezisoma nyingi. Shafi anamleta Denge, kijana aliyesoma Urusi, anayepambana na ukoloni kwa siri, na Inspekta Wright akimwandama. Sasa tazama ujuzi ulivyogawanywa. Denge anajua hatari ila hamwambii Yasmin yote. Yasmin anayajua mapenzi yake, lakini siasa anaipata vipande vipande, kama nasi tunavyoipata. Zaidi ya hayo, msomaji anajua jambo ambalo hakuna mhusika anayelijua: kwamba uhuru wa Zanzibar ulikuja Desemba 1963 na Mapinduzi mwezi mmoja baadaye. Riwaya ya kihistoria haiwezi kukuficha mwisho wa historia, kwa hiyo ni lazima ikuwekee swali dogo zaidi: mtu huyu mmoja atasalimika vipi? Riwaya nyingi za mapambano zinasahau hilo na kutusubirisha bendera. Shafi anatusubirisha mlango kugongwa usiku. Kasoro yake ni hapa na pale, Denge na wenzake wanapoanza kuongea kama wako jukwaani wakati wote waliomo chumbani wanakubaliana tangu zamani.

Kasoro hiyohiyo, kwa kipimo kikubwa, ndiyo inayoielemea Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Dzombo anahukumiwa kifo, anarushwa angani ili akafie huko, kumbe chombo kinamfikisha kwenye sayari yenye jamii ya haki. Mwanzo wake ni moto wa kuotea mbali. Tatizo linaanza mgeni anapopata wenyeji wa kumwonyesha mambo, kwani wao wanajua yote, yeye hajui lolote, na kila swali linapata jibu kamili. Dawa ya ugonjwa huu inajulikana: mwenyeji mmoja akosee, au wawili wapingane, na mgeni alazimike kuamua mwenyewe. Nilikuwa namtafuta mwenyeji mwenye kinyongo. Hata hivyo kejeli ya Mkangi dhidi ya watawala ni kali, na kwa ajili yake pekee kitabu kinastahili kusomwa.

Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) ni nyembamba, haifiki kurasa mia, na ndiyo inayowashinda wengi. Wanaoiacha njiani huwa wanaisoma kama Bwana Msa, wakikusanya dalili. Humo hakuna anayejua, si msimulizi, si wazee anaokutana nao, na mwandishi hajifanyi kuwa anajua. Isome kwa mikao miwili mirefu, bila kurudi nyuma kutafuta ulipopotea, na uzingatie picha zinazojirudia, na ukimya, kuliko matukio. Kisha chukua Mzingile, iliyofuata 1991, ukiwa bado na joto lake. Anayetaka kumfahamu Kezilahabi kwa mara ya kwanza asianzie hapa. Aanze na Rosa Mistika ya 1971, ambamo baba mkali anamficha binti dunia, na dunia yenyewe inakuja kumfundisha.