Herufi Mbili za Safu ya Chini

Jana usiku kitindamimba wangu alininyoshea simu akaniuliza, "Mama, hii nayo ilikuwa na nini hadi ikawekwa makumbusho?" Ilikuwa picha ya kibodi ya IBM, ile Model M iliyoanza kutengenezwa mwaka 1985, imelazwa juu ya kitambaa cheusi kama maiti ya mtu mashuhuri. Nilimweleza kwamba ina vitufe 101 na uzani unaozidi kilo mbili, na kwamba chini ya kila kitufe mna springi inayojipinda ghafla kidole kinapofika kina fulani, ndiyo sababu ya ule mlio wake. Habari ya chai sikumwambia.

Ilikuwa mwaka 1994, katika chuo kile cha River Road, ghorofa ya tatu. Mwalimu wetu alikuwa amezikata katoni za sabuni na kuzifunika juu ya kibodi na mikono yetu, ili tuchape bila kutazama. Aliyechungulia alionja rula kwenye vifundo vya vidole. Siku hiyo mwalimu alikuwa ameteremka kwenda kula, nami, kinyume cha amri iliyobandikwa mlangoni, nilikuwa na kikombe cha chai ya maziwa kando ya mashine. Kikainama.

Chai haikuwa nyingi, lakini sukari yake iliingia kwenye safu ya chini na vitufe viwili vikaanza kunata. Nikagundua kwamba kila kitufe huvaa kofia inayobanduka kwa ukucha. Nilizibandua mbili, nikaona springi zimesimama mle ndani, nyembamba, ziking'aa, na kwa muda nikasahau kwamba nilikuwa mkosaji. Niliigusa moja kwa ncha ya kidole, ikayumba kama unyoya wa jogoo. Nilikuwa nimechapa kwa miezi miwili bila kujua kwamba kila herufi yangu ilipitia kwenye kitu kilicho hai kiasi kile. Kisha nikasikia viatu kwenye ngazi. Nikafuta kwa leso, nikazirudisha kofia kwa haraka, nikafunika katoni. Kwa kuwa vitufe vya safu moja vina umbo moja, zilikaa sawasawa, ila N ilikuwa mahali pa M, na M mahali pa N.

Alasiri mwalimu aliketi kwenye mashine ile ile kuchapa tangazo la karo. Aliiondoa katoni. Kwenye skrini ya buluu ya WordPerfect, programu ya kuandikia, yakatokea maneno "Wamafumzi wote nmaonbwa". Alifuta, akaandika tena polepole zaidi, yakatokea yale yale. Mtu anayechapa kwa kumbukumbu ya vidole asingeona tofauti yoyote, na sisi tuliokuwa nyuma yake tulimwona shingo imeinama, macho yakihama kutoka kitufe hadi kitufe kama kuku anayedonoa mtama.

Akatangaza kwamba ni virusi, na kwamba vimeletwa na disketi ya msichana aliyeitumia mashine ile asubuhi. Akaifuta disketi yote mbele yetu, pamoja na barua za kuomba kazi alizokuwa amezichapa mwezi mzima. Msichana hakulia, alisimama akiitazama taa ndogo ya kompyuta ikiwaka na kuzimika.

Kesho yake nilifika alfajiri nikazirudisha kofia mahali pake, na mwalimu akajisifu kwamba dawa imefanya kazi. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilinyamaza kwa kuiogopa rula. Huenda ni kweli. Lakini nadhani nilifurahia pia, kidogo, kuijua siri ya mwalimu, na furaha hiyo ningeipoteza kama ningesema. Sijui ipi ilikuwa nzito zaidi.

Binti yangu alipolala niliichukua simu yake, nikaikuza ile picha kwa vidole viwili hadi safu ya chini ikajaa skrini. B, N, M. Zimekaa sawa.