Jani la isale

Jumamosi nilisimama kwa wauza miche wa Barabara ya Bagamoyo kutafuta mche wa pilipili, nikamkuta kijana amepanga mimea ya masale kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa. "Hili dada ni la mapambo, halifi hata ukilisahau," akaniambia, halafu akataja bei ambayo kule mlimani Kilimanjaro wangemcheka mpaka wakae chini. Sikununua. Na pilipili yenyewe nikaisahau.

Habari za jinsi nilivyotupwa Moshi wakati wenzangu wote wanapangiwa Dodoma nilishawachosha nazo, sizirudii. Nilikuwa fildi, nasoma sheria, na fildi ilipokwisha nikaomba kubaki kidogo kwenye baraza la kata, nikijitolea. Kazi yangu ilikuwa kuandika, kwa sababu katibu wa baraza mwandiko wake ulikuwa unamshinda hata yeye mwenyewe. Nikakabidhiwa kalamu na kaunta buku.

Ilikuwa 2022. Mwaka mmoja nyuma sheria ilikuwa imebadilishwa, na mabaraza ya kata yakavuliwa mamlaka ya kuamua kesi za ardhi. Yalibakiwa na kusuluhisha tu. Yakishindwa, yanaandika hati ya kushindwa, na mwenye shida anapanda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu anaruhusiwa kwenda hata bila hati. Mwenyekiti wetu alikuwa hajaizoea hali hiyo. Miaka yote alizoea kugonga meza na kutamka nani kashinda. Sasa alitakiwa kubembeleza, na kubembeleza hakujaliwa.

Mashauri mengi yalikuwa ya mipaka na ya mfongo, yaani mfereji wa maji ya mashambani: nani kafungulia maji zamu isiyo yake. Nimeyasahau karibu yote isipokuwa hili moja.

Mlalamikaji alikuwa mama mjane. Mlalamikiwa ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Vihamba vyao, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, vinapakana, na kwa Wachagga mpaka wa kihamba hauhitaji jiwe la serikali: ni safu ya masale, yamepandwa na baba au babu, na kila mtu anayajua. Mama alidai shemeji aliyang'oa usiku akayapanda upya ndani ya upande wa mama. Asubuhi mgomba wake wenye mkungu uliokomaa ulikuwa umehamia kwa shemeji bila kutembea. "Mimi sidai changu," alisema siku ya kwanza. "Kihamba ni cha mwanangu, yuko shule. Mimi nakilinda." Shemeji siku hiyo alikana kila kitu, mpaka na mgomba wenyewe.

Sasa, kwa mliokulia pwani kama mimi: isale hilohilo ndilo la kuombea msamaha. Mkosaji analikata jani, analifunga fundo, analipeleka kwa aliyemkosea. Na isale halikataliwi. Ukilikataa, kosa linahamia kwako, na watu hawakuachi ulisahau.

Kikao cha pili. Sheria inataka wasuluhishi watatu, angalau mmoja awe mwanamke, na sisi hatukuzidisha: wazee wawili, na mama mmoja aliyekuwa akifuma kitambaa mwanzo hadi mwisho wa kila shauri. Shemeji akaingia amevaa koti, amenyoa ndevu, ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja mbele ya yule mama akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Shemeji, nimekosa. Nimekuja na isale."

Ungeona chumba kilivyolegea. Mwenyekiti akaegemea kiti chake cha plastiki kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Katibu alishaanza kutafuta muhuri. Kuhusu mpaka wenyewe hakuna aliyekuwa amesema neno.

Mama hakunyoosha mkono. Aliliangalia jani. Akalifuata kwa macho toka fundo mpaka pale lilipokatwa, bado linatoa majimaji, halafu akamwangalia shemeji.

"Hili umelikata wapi, shemeji?"

"Isale ni isale, shemeji."

"Nauliza umelikata wapi. Kwako hakuna isale hata moja ila yale uliyoniondolea."

Sindano ya mama mfumaji ilisimama. Alicheka kicheko kifupi, akakigeuza kikohozi. Shemeji alibaki ameinama na jani lake, mikono imeanza kumchoka, na hakulishusha. Alikuwa hajajibu. Sidhani kama kulikuwa na jibu.

"Mama," mwenyekiti akasema, sasa kweli akibembeleza, "isale halikataliwi."

"Sijalikataa, mzee. Nimeuliza."

Akalipokea. Hakulitia kwenye kikapu. Alinyanyuka, akaja mpaka mezani kwangu, akaliweka juu ya kaunta buku, juu ya mstari niliokuwa naandika.

"Andika, mwanangu, kwamba nimelipokea. Na lilikotoka uandike."

Mengine yalikwenda haraka. Masale yarudishwe palepale, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Mgomba ukarudi kwa mwenyewe. Mkungu ulikuwa umeshakatwa, na ulikoishia hakuna aliyeuliza. Sahihi, dole gumba, muhuri. Kwenye taarifa ya mwezi ule ni shauri "lililosuluhishwa".

Darasani tulifundishwa kwamba usuluhishi ni hiari, kila upande una haki ya kusimama na kuondoka. Nilishuka mlima na yule mama mfumaji nikamuuliza kama mjane yule alikuwa na hiari yoyote mbele ya lile jani. Akaniangalia vile wanavyotuangalia watu wa fildi. "Ulitaka akatae, halafu? Kesho si wanachota mfongo mmoja? Na nauli za kwenda na kurudi wilayani, nani kati yao anazo?" Siku nyingine namwona mfumaji ana haki kabisa. Bila isale yule bwana asingetamka "nimekosa" mbele ya mtu, achilia mbali hakimu. Siku nyingine nafikiria ule mkungu.

Niliyaandika yote kwenye ripoti ya fildi, na jani lilikokatwa, kama nilivyoagizwa. Mwalimu msimamizi alizungushia neno isale kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Kielelezo?"

Ndiyo, mwalimu. Ila cha mlalamikaji au cha mlalamikiwa, hapo ndipo ningehitaji msaada wako.