Bamba la zege na kamba koche: kutoka City Market hadi Wasini

Kamba koche aliyelazwa juu ya barafu pale City Market, Nairobi, ukimgeuza tu unajua alivyovuliwa. Tundu la mgongoni ni la mkuki. Miguu iliyong'oka na papasi ndefu za kichwani zilizokatika ni za mtu aliyemvuta kwa nguvu kutoka pangoni, na pengine aliuvunja mwamba alipokuwa akimtafuta. Kamba wa namna hiyo hapandi ndege pale uwanja wa JKIA, kwani mnunuzi wa ng'ambo humtaka hai na mzima. Pengo la bei kati ya kamba huyo na yule mzima ndilo lililotupeleka Pwani, kuangalia kama mwamba wa kutengenezwa unaweza kumpatia mvuvi kamba mzima bila kuubomoa mwamba wa asili.

Treni kutoka Syokimau haina mengi: Emali, Mtito Andei, vumbi jekundu la Tsavo, Voi, na baada ya saa tano na ushei uko Miritini. Tukashika barabara ya Dongo Kundu, tukaepuka feri ya Likoni. Msafirishaji wa kamba hai ana sababu ya kuishukuru barabara hiyo kuliko mtalii, maana foleni ya kivukoni juani ilikuwa ikiua mzigo. Ukunda, Msambweni, Ramisi, kisha unakata kushoto hadi Shimoni. Ng'ambo ya mkondo ni Wasini, kisiwa kisicho na gari hata moja.

Joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi ya Kenya, na penye mwamba pakabaki vifusi. Watu wa Wasini, wakishirikiana na KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, wamekuwa wakirudisha matumbawe na nyasi za bahari. Kazi nzuri, ila kamba ana mahitaji yake. Mchana hujificha, usiku hutoka kuwinda konokono na chaza. Anachotaka ni paa la chini, giza, na mlango mwembamba usiompitisha chewa. Fremu ya chuma iliyopandwa matumbawe hupendeza kwenye picha, lakini kwa kamba ni nyumba isiyo na kuta.

Kwa hiyo tulizungumzia bamba la zege la kamba kujificha chini yake: mita 1.2 kwa mita 1, unene sentimita 8, limeegemea miguu miwili ya zege, mlango wa mbele sentimita 12 na wa nyuma 7. Uwiano ni simiti 1, mchanga 2, kokoto 3. Mfuko wa kilo 50 unatosha bamba moja na kubaki. Nondo zikae katikati kabisa ya unene huo, bila nafasi ya kukosea. Wasini haina mto; kwa muda mrefu watu wamekunywa maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye majabia, na hapo ndipo kishawishi cha kukorogea maji ya bahari huanzia. Chumvi ikikutana na nondo, kutu huvimba na zege hupasuka kutoka ndani. Heri kumwaga zege Shimoni, kulifunika magunia mabichi siku 7 za mwanzo, na kutoligusa mpaka zitimie 28.

Mahali pa kuliweka ndipo penye elimu. Tulikuwa na nondo ya milimita 12 ya kuchomea chini. Ikizama zaidi ya nusu mita, hapafai. Mzee aliyetushikia usukani hakuingojea nondo. Alitazama rangi ya maji, akatikisa kichwa. "Hapa msiweke, wanangu. Mchanga huu hula." Nondo ikazama karibu yote. Panapofaa ni pale mchanga mwembamba ulipolala juu ya jiwe, kina cha mita 5 hivi, karibu na nyasi ambako kamba atakula usiku, ila si juu ya nyasi zenyewe wala juu ya tumbawe hai. Na kibali kitangulie: NEMA (mamlaka ya mazingira), BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo), na KWS (shirika la wanyamapori) ukikaribia hifadhi ya Kisite-Mpunguti.

Bamba hilo, bila miguu, lina kilo kama 230 nchi kavu. Majini hubaki kama 135. Mitungi ya lita 20 iliyojaa hewa huliinua, kisha unaijaza maji mmoja mmoja. Wengi huharibikiwa hapa: mitungi hubonyea kadiri inavyoshuka, nguvu yake ikapungua, na bamba likaporomoka ghafla. Kamba inayoliunga bamba na mashua isilegezwe mpaka miguu iguse chini. Fanya kazi hiyo wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo. Mkondo wa Wasini wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, si wa kuchezea. Matairi ya kuwa mwamba hata usiyataje. Florida walizamisha kama milioni 2 miaka ya 1970, vifungo vikakatika, matairi yakaanza kuyagonga matumbawe yaliyokuwa jirani.

Kuvua ni rahisi: kimia mlango mmoja, kijiti mlango wa pili. Lamu hutumia pweza aliyefungwa kwenye kijiti, na kamba akimwona hutoka mwenyewe. Urahisi huo ndio unaonitia wasiwasi. Bamba huwakusanya kamba waliokuwa wametawanyika, na mvuvi akaona wingi ambao haujaongezeka. Mabuu ya kamba huelea baharini kwa miezi, kwa hiyo mayai ya Wasini huenda yakakulia mbali, na kamba wa hapa akawa ametoka maji ya Tanzania. Jike mwenye mayai arudishwe. Wapo wanaoyapangusa kabla ya kufika bandarini. Chungulia chini ya mkia, nywele zinazoshika mayai zitakuwa zimenyofoka.

Punta Allen, Meksiko, chama cha wavuvi kimegawana bahari vipande, kila mmoja na mabamba yake, na asiye mwenyewe hayagusi. Shimoni ni vigumu zaidi, kwani kaskazi ikivuma wavuvi wa dago, wanaopiga kambi kwa msimu, huja kutoka Pemba, na ni wazamiaji hodari. BMU isipokaa nao kabla ya bamba la kwanza kuzama, na kukubaliana nani avue wapi na kuanzia mwezi gani, simiti hiyo afadhali ijengewe jabia.