Jumamosi ya salongo Kadutu

Saa kumi na moja alfajiri. Niko bombani na bidoni zangu. Nasoma sheria mwaka wa tatu hapa Bukavu, Kongo, na niko katika kamati ya vijana ya avenyu yetu, yaani mtaa wetu. Kamati haina ofisi, kwa hiyo foleni ya maji inatusaidia sana: hapa unajua nani anaumwa, nani kahama, nani aliingiliwa na maji mvua iliyopita. Napita kwa kila mama nikimkumbusha: leo salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, na leo naomba hasa watu wa juu washuke.

Kadutu, komini yetu (manispaa) hapa mjini, ni mteremko, nyumba juu ya nyumba. Kinachotupwa juu, mvua inakishusha kwa jirani wa chini. Muda mrefu mtaro umezibuliwa na wa chini peke yao. Hiyo si haki, na nalisema hadharani.

Saa moja na nusu. Papa shefu wa avenyu amekunja suruali, tunaingia mtaroni na chepeo. Juu ni chupa na manyoya ya kuku. Chini ya matope meusi ndiko kwenye kazi: mifuko ya plastiki imeshikana tabaka kwa tabaka, imejaa mchanga, ukivuta mmoja inakuja mingi, mizito hadi mkono unauma. Dekree ya serikali ya Desemba 2017 ilipiga marufuku mifuko hii nchi nzima. Sokoni bado wanakufungia nyanya ndani yake.

Saa tatu. Mama mmoja wa juu ameteremka, anasimama pembeni.

“Mtoto wangu, mimi nakaa kule. Mtaro huu unanihusu nini?”

“Karibu mama, twende kidogo nikuonyeshe.”

Nilimpeleka kwa jirani wa chini. Alama ya maji ukutani inafika magotini, godoro limeanikwa kwenye ukuta na bado linanuka. Mwenye nyumba hakulalamika. Alimpa kiti tu, wakaanza kuulizana habari za watoto. Nikaongeza: “Na uchafu huu hauishii hapa, mama. Unaingia mto Kawa, unafika ziwa Kivu, na maji ya ziwa yanatoka kwa mto Ruzizi. Huko kuna mitambo ya umeme. Plastiki ikijaa pale maji yanapoingilia, mashine zinasimamishwa zisafishwe, na giza linapanda mpaka kwako.”

Akatoa simu, akawaita vijana wake wawili. Walikuja na toroli.

Mchana nina masomo, nakula bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, haraka, nakimbia.

Saa kumi. Barazani kwa Papa shefu, watu wa juu na wa chini wamekaa pamoja. Swali gumu ni tope tulilotoa: likibaki ukingoni, mvua moja tu inalirudisha ndani. Tunahitaji lori, na lori ni la kuombwa komini. Sheria ya ugatuzi ya Oktoba 2008 inaipa komini kazi ya kutunza mitaro, kwa hiyo hatuombi hisani. Barua tumeiandika kwa pamoja: sehemu ilipo, urefu wa mtaro, nyumba zinazoingiliwa, sahihi za wakaaji. Nimewaambia wenzangu tusiondoke pale bila nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni rahisi kukanwa.

Kisha mweka hazina akasoma daftari kwa sauti, mchango mmoja mmoja, na bei ya kila gunia la kutilia taka tulilonunua. Mzee mmoja aliuliza kuhusu franka chache za kamba, akajibiwa, akaonyeshwa risiti. Ninapenda maswali kama hayo. Ndiyo yanayowafanya watu watoe tena.

Saa mbili usiku. Mama wa juu amepiga simu: avenyu yake inataka magunia yake yenyewe, na vijana wake watazunguka kuyakusanya. Nimewaandika kwenye orodha. Jumatatu, kabla ya somo la kwanza, napeleka barua komini pamoja na mmoja wao.