Joto, Wala Si Shinikizo Peke Yake, Ndilo Linalochosha Mabomba ya Boila

Katika viwanda vya sukari vya ukanda wa Nyando, macho ya mwendeshaji wa boila hukaa kwenye geji ya shinikizo, ilhali mimi naona joto la chuma chenyewe linastahili kuogopwa zaidi. Bomba la supahita, yaani sehemu ya boila inayoupasha mvuke joto zaidi, huweza kupasuka hata kama shinikizo halijawahi kuvuka kiwango kilichoidhinishwa, kwa kuwa chuma kinachobeba mzigo kikiwa na joto jingi huendelea kutanuka kidogo kidogo, mwaka nenda mwaka rudi, bila mzigo huo kuongezeka.

Kwa kawaida mtambao huu wa metali huwa tatizo joto linapofikia takriban asilimia 40 ya kiwango cha kuyeyuka, likihesabiwa kwa kelvini (nyuzi za Selsiasi ukiongeza 273). Ndiyo sababu risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, hutambaa hata ikiwa imekaa tu chumbani. Mabomba ya mvuke ya Olkaria, huku kwetu Nakuru, yana maadui wengine kama kutu na magamba ya silika, lakini joto lake ni dogo mno kwa adui huyu.

Kinachonishangaza kila mara ni jinsi nyuzi chache zinavyogharimu. Kwa kanuni ya kukadiria muda wa chuma kudumu kwenye joto, ambayo watafiti Larson na Miller waliitoa mwaka 1952, ikichukuliwa thabiti yake ya kawaida ya 20, bomba ambalo lingedumu saa 100,000 chuma chake kikiwa na nyuzi 450 litadumu saa 21,000 hivi tu kikifika nyuzi 470, mkazo, yaani nguvu inayokivuta chuma kwa kila eneo lake, ukiwa uleule. Nyongeza hiyo huweza kuletwa na chumvi za maji yasiyotibiwa vizuri, ambazo hubebwa na mvuke, zikaganda ndani ya bomba na kuuzuia mvuke usilipoze.

Ndani ya chuma, vitundu visivyoonekana kwa macho huota kwenye mipaka ya fuwele, vikaungana, na hatimaye ufa hufuata urefu wa bomba, kwa kuwa mkazo wa kuzunguka bomba ni maradufu ya ule wa urefu. Kabla ya hapo kipenyo huwa kimeongezeka, na fundi mwenye kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, angeweza kuligundua hilo wakati wa ukarabati wa mwaka. Kubadilisha bomba moja lililopasuka na kuwasha moto tena, bila kuyapima ya jirani yake, ni uamuzi nisioweza kuutetea, maana yote yamekaa kwenye moto uleule kwa saa zilezile.