Siku moja mlangoni mwa mto Sabaki, ndege wa kaskazini wanapowasili

Saa kumi na moja alfajiri

Nikiamka, kabla ya yote natazama jedwali la maji. Leo ni bamvua, yaani maji yanajaa na kupwa kupita siku za kawaida. Maji yamejaa saa kumi usiku, yatapwa kabisa saa nne na robo asubuhi, halafu yatajaa tena saa kumi na dakika ishirini na tano jioni. Kazi ya kuongoza watazamaji wa ndege hapa Sabaki, kilomita chache kaskazini ya Malindi, inapangwa na saa hizo tatu. Maji yakipwa ndege wanakula, yakijaa wanapumzika. Mgeni anayetaka kwanza alale hadi saa tatu namweleza mapema, ili asije akalaumu bahari.

Tuko Oktoba. Kusi imechoka, kaskazi bado haijaanza kuvuma, na huko Siberia baridi imeshaingia. Kwangu huu ndio mwezi mtamu kuliko yote, kwa sababu kila maji yanapopwa kuna sura mpya matopeni. Chai ya rangi, darubini ya shingoni, ile kubwa ya miguu mitatu, daftari, maji ya kunywa. Bodaboda ananifikisha karibu na daraja, na kutoka hapo ni miguu.

Saa kumi na mbili

Mgeni wangu leo ni mwalimu wa sekondari kutoka Machakos. Amekuja na mpwa wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne. Kitu cha kwanza ninachowaonyesha ni nyayo za kiboko, mbichi kabisa, zimekatiza njia kuelekea kwenye matete. Viboko wa Sabaki hutoka usiku kula majani na kurudi majini alfajiri, kwa hiyo tunapita juu kwenye vilima vya mchanga, hata kama ni kuzunguka.

Kutoka kule juu unaona kila kitu kwa mara moja: mto mpana wenye rangi ya chai ya maziwa, visiwa vya mchanga katikati, mikoko, vidimbwi vya maji baridi nyuma ya vilima, na mbali kule mawimbi yanavunjika. Mwalimu aliuliza maji haya yanatoka wapi.

“Kwenu,” nikamwambia.

Mto huu ndio Athi. Ukishapita Tsavo unaitwa Galana, na huku chini ni Sabaki. Tope hili tunalolikanyaga ni udongo ulioshuka na mvua kutoka mashamba ya bara. Alinyamaza kidogo, akainama akalishika kwa vidole. “Kumbe shamba la baba liko huku,” akasema.

Ndivyo ilivyo, na mimi sina furaha kamili na habari hiyo. Udongo ukishuka mwingi kupita kiasi unakwenda kuyafunika matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, na mkulima wa juu anabaki na mawe. Lakini tope likitulia hapa mlangoni, ndani yake wanaishi minyoo, kaa wadogo na konokono wasiohesabika, na hao ndio wanaowaleta ndege. Mto unachukua na mto unatoa. Wenzetu wa juu wakipanda miti kingoni na kukinga makorongo, hata sisi wa huku tunafaidika.

Saa moja hadi saa tano

Maji yakianza kuondoka, ndege wanayafuata nyuma nyuma, na sisi tunawafuata ndege tukiwa mbali. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, kwa sababu vitwitwi, hawa ndege wadogo wa matopeni, wanafanana na mgeni hukata tamaa upesi. Nilitega darubini kubwa kwa mmoja aliyekuwa peke yake ukingoni, nikamwita mwalimu.

Mdomo mweusi, mrefu, umepinda chini kuelekea nchani. Mgongoni kila unyoya wa kijivu umezungushiwa ukingo mwembamba mweupe, hadi mgongo wote unaonekana una magamba. Kifua kina wekundu hafifu sana, uliofifia kama umepakwa ukafutwa. Hakuna unyoya hata mmoja uliochakaa. Ukiona hivyo mwezi wa kumi, ujue ni kinda wa mwaka huu. Wakubwa walianza kufika Agosti, manyoya yamelika, na baadhi yao bado wana mabaka ya rangi ya matofali tumboni kutoka majira ya kuzaa.

Huyu ni Calidris ferruginea. Anazaa Siberia, kwenye tundra, nyika ya baridi isiyo na miti, ya kaskazini kabisa, na kutoka rasi ya Taimyr hadi hapa tuliposimama ni zaidi ya kilomita 9,000. Dume huondoka jike akiwa bado anaatamia mayai. Jike naye hutangulia, watoto wakabaki. Kwa hiyo ndege huyu wa gramu hamsini au sitini amefika na rika lake, bila mkubwa wa kuwaonyesha njia.

“Sasa nani aliwaambia kuna Sabaki?” mwalimu akauliza, jicho bado liko kwenye kioo.

Nilimjibu kwamba mwelekeo wanazaliwa nao. Mahali pa kutua wanapatafuta wenyewe, na wakikuta pamefaa, mwaka unaofuata wanarudi. Mwaka 2024 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ilimpandisha ndege huyu kutoka daraja la walio karibu na hatari (Near Threatened) hadi la walio hatarini (Vulnerable), pamoja na jamii nyingine za ndege wa matopeni, kwa vile idadi yao duniani inashuka. Nilipolisema hilo alitoa jicho kwenye kioo akanitazama. Ni vigumu kuliamini ukiwa mbele ya mamia yao.

Mpwa alikuwa amempenda mwingine: mfupi, miguu ya manjano, mdomo umepinda juu. Anakimbia ovyo huku na huko kama aliyechanganyikiwa, kumbe anafukuza kaa. Akimkamata anamkimbiza ukingoni mwa maji, anamwosha, anammeza. Kijana alimfuata kwa darubini karibu nusu saa na sikumsumbua.

Maji yalipopwa kabisa walikuja ndege walaji wa kaa wenyewe, Dromas ardeola, weupe na weusi, mdomo mnene mweusi. Hawa wanatoka upande wetu wa dunia: wanazaa visiwa vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, wakichimba mashimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Kinda akishaanza kuruka anasafiri na wazazi, na hata huku anaendelea kulishwa. Tulimwona mmoja, mgongo wa kijivu, akimfuata mzazi hatua kwa hatua na kupiga mluzi bila kupumzika. Mzazi alimtikisa kaa hadi miguu ikachomoka, akamwachia mwili. Mluzi ulikoma, kisha ukaanza upya.

Saa sita hadi saa nane

Jua ni kali, joto linatetemesha hewa na darubini kubwa haina kazi. Tulikula sima na samaki wa kupaka kwa mama mmoja kando ya barabara, tukalala kidogo kivulini. Tukirudi tulipita kwenye nyasi fupi za nyuma ya vilima kumtafuta Anthus melindae, ndege mdogo wa kahawia anayepatikana pwani ya Kenya na Somalia tu. Alitokea, akatembea mbele yetu, akapotea. Mwalimu alifurahi kwa adabu.

Saa tisa hadi saa kumi na moja jioni

Hii ndiyo sehemu ya siku ninayoijali kuliko nyingine zote. Siku ya bamvua maji yakijaa, matope yote yanafunikwa, na ndege waliokuwa wametawanyika kilomita nzima wanasukumwa hadi kwenye ulimi mmoja wa mchanga. Vitwitwi, sululu, shakwe na buabua wote wanasimama bega kwa bega, wamegeukia upepo, mguu mmoja umekunjwa, mdomo ndani ya manyoya. Kwa saa mbili tatu hivi hawana kingine cha kufanya ila kupumzika, na hawana pengine pa kwenda.

Tulikaa chini mbali nao. Kijana akatoa simu. “Mzee, nikipiga makofi si wataruka wote? Hiyo video itakuwa kali.”

“Hapana, mwanangu. Hilo siwezi kukuruhusu.”

Nikamweleza. Ndege hawa wanabadilisha manyoya ya mabawa wakiwa huku kwetu, na manyoya yanajengwa kwa chakula. Ifikapo Machi na Aprili lazima wanenepe, wengine hukaribia kuongeza mwili mara mbili, ndipo waweze kurudi Siberia. Kila ukimrusha ndege aliyelala, amechoma mafuta aliyoyatafuta asubuhi nzima. Mtu mmoja akimrusha mara moja si neno. Lakini ufuo huu una watu kila siku, na kila mmoja anataka mara yake moja.

Kijana alikubali bila kununa. Akaegemeza simu kwenye darubini kubwa akawapiga picha wamelala. Unaona jicho linafunguka, linatazama, linafumba.

Mvuvi mmoja alipita na kimia begani, karibu nao kuliko tulivyokuwa sisi, na hakuna aliyeruka. Wavuvi wanakwenda njia yao moja kwa moja, hawasimami wala hawawaendei ndege, na ndege wamewazoea. Haikuchukua muda likatokea kundi la watembezi kutoka upande wa kusini na mbwa wawili wasiofungwa. Nilikwenda kuwalaki mapema, nikawasalimu, nikawaomba wapite nyuma ya vilima. Mmoja alinung'unika kwamba ufuo ni wa watu wote. Nikamwambia ni kweli, na ndiyo maana namwomba, simwamuru. Mwenzake alimwita mbwa wakazunguka.

Saa kumi na mbili na nusu

Buabua wanaendelea kuingia kutoka baharini, makundi kwa makundi, hadi giza linatuzuia kuhesabu. Mwalimu aliniaga kwa mikono miwili.

Saa mbili usiku

Naingiza orodha ya leo kwenye Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya. Ramani imegawanywa visanduku vya dakika 5 kwa 5 za latitudo na longitudo, kama kilomita 9 kila upande, na orodha kamili inataka utazame kwa bidii saa mbili au zaidi. Mwalimu nimemwekea programu kwenye simu yake, aanze na kisanduku cha kwao, kando ya Athi, yeye na wanafunzi wake.

Kesho maji yatajaa karibu na saa kumi na moja jioni, na ni Jumapili, watu watakuwa wengi. Nimewaandikia vijana wa kikundi chetu: saa tisa tuwe wawili kwenye njia ya ufuoni, mmoja upande wa kusini na mmoja karibu na mto, tuwaombe wapitaji wazunguke nyuma ya vilima. Mmoja amejibu atakuja. Wa pili nitampigia asubuhi.