Ukuta Uliosujudu: Jinsi Tulivyorudisha Heshima ya Ualimu Chuoni Kwetu

Ninafundisha uashi katika chuo kidogo cha ufundi cha jamii, si mbali na Kigumba, Uganda, kando ya barabara kuu iendayo Gulu. Kwa miaka mingi, mtu nisiyemfahamu aliponiuliza kazi yangu, nilimjibu kwamba mimi ni mwalimu, kisha nikamwomba Mungu asiniulize wa wapi. Chuo cha aina yetu huonekana kuwa mahali pa kupeleka watoto walioanguka mtihani wa darasa la saba au waliokwama kwa karo, na mwalimu wake huhesabiwa kuwa mtu aliyekosa pengine pa kwenda. Isitoshe, mji wetu una chuo cha taifa cha mafuta kilichoanzishwa mwaka 2009, na mzazi aliyekwisha kuota mwanawe akiwa amevaa kofia ngumu visimani hakuwa na sababu ya kunitazama mimi na mwiko wangu.

Ushauri tulioupata kuhusu jambo hili ungetosha kujaza ghala la mahindi. Wa kwanza aliniambia nikasome digrii, kana kwamba digrii ingesimamisha ukuta. Wa pili alituweka semina siku mbili, akatutaka tuandike maono ya chuo kwenye karatasi kubwa, akaondoka nazo, nasi tukabaki na kalamu. Wa tatu, ambaye nakiri kwamba nilimsikiliza kwa masikio yote mawili, alisema kwamba watu huheshimu vazi: daktari ana koti jeupe, wakili ana joho, na mwalimu wa ufundi ana suruali yenye madoa ya rangi.

Basi mwaka 2019 walimu saba tulichanga, nikatumwa Kampala, nikazunguka soko la Owino tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikarudi na makoti meupe saba ya maabara, kila moja kwa shilingi elfu ishirini na kitu, nauli kando. Jumatatu tulitoka ofisini kwa msururu, vifua mbele. Kabla ya chai ya saa nne, mwalimu wa kuchomelea vyuma alikuwa amekwisha kutobolewa koti na cheche mahali pasipotajika. Saa sita, nikiwa nimesimama langoni kwa madaha, alifika bibi mmoja aliyebebwa na boda boda, mgongoni ana mjukuu mwenye homa, akaniamkia kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuamkiwa nao maishani, akaanza kunieleza kwamba mtoto ametapika usiku kucha. Nilimwelekeza kwenye kituo cha afya. Kijana wa boda boda alicheka hadi akalazimika kuegemea pikipiki yake, na kuanzia jioni ile, kila nilipopita stendi yao, niliulizwa kama nina dawa ya mgongo. Makoti yale sasa yanavaliwa na darasa la uokaji mikate, ambako yana kazi.

Korona ikaja, chuo kikafungwa kwa muda mrefu. Mimi nililima mahindi, wenzangu wengine wakaendesha boda boda, na wawili hawakurudi tena kufundisha. Tuliporejea, na hasa mwaka 2022 serikali ilipowapandishia mishahara walimu wa sayansi na wale wa sanaa wakagoma, mazungumzo yetu ya chai yakawa ni mshahara mwanzo hadi mwisho. Siwalaumu. Sisi tuliolipwa na bodi ya chuo, tena kwa kuchelewa, tulikuwa na sababu za kutosha za kulalamika, na yeyote atakayekuambia kwamba heshima inatosha kununua sukari, mwombe akuonyeshe duka lake.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukulizungumza kwa sababu lilituuma zaidi. Mimi nilikuwa nafundisha uashi kwa chaki. Nilichora msingi ubaoni, nikachora lenta, nikaandika kwamba zege ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, wanafunzi wakanakili. Vifaa vilikuwa haba, kweli, ila nami nilikuwa nimejificha nyuma ya uhaba huo, kwa maana sikuwa nimejenga ukuta kwa mikono yangu tangu nilipohitimu.

Siku ya soko moja nilifanya jambo ambalo mkuu wa chuo aliliita wazimu. Kamati ya soko ilitaka kibanda cha walinzi, nami nikaomba tuwajengee ukuta mmoja mbele za watu, mwalimu mwenyewe akiwa fundi, na aalikwe fundi yeyote wa mtaani aupime. Aliyejitokeza ni mzee mmoja wa Kinubi anayeheshimika kwa ujenzi tangu mimi nikiwa mtoto. Nilijenga ukuta wa mita mbili kwa urefu na mita moja na nusu kwenda juu. Kwa kuwa watu walikuwa wakitazama, nilitaka nionekane mwepesi. Nikazidisha maji kwenye udongo wa saruji, matofali yakawa yanaogelea, na badala ya kupima kila baada ya mistari miwili mitatu, nilipandisha kona hadi juu ndipo nikakumbuka timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Mzee alinyanyuka taratibu, akaitundika timazi yake, akangoja uzi utulie, akaweka kidole katikati ya uzi na tofali la chini. Kidole kiliingia chote, na nafasi ikabaki.

“Mwalimu,” akasema, naye hakucheka, “huu ukuta unasujudu. Umeuelekeza kibla?”

Soko zima lilicheka kwa niaba yake.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilikwenda nyumbani kwa Mzee kumwomba, likizo ikifika, anichukue niwe saidia fundi wake. Alidhani natania. Likizo yote, kama wiki tatu hivi, nilimpandishia udongo, nikalowesha matofali kabla hayajawekwa (tofali kavu hufyonza maji ya saruji, jambo nililokuwa nikiliandika ubaoni kila mwaka bila kulifanya), nikalipwa ujira wa saidia fundi ambao sitautaja kwa kuwa mke wangu husoma. Wanafunzi wangu walinipita nikiwa na karai kichwani. Mzazi mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba kumbe njaa ya walimu imefikia hapa.

Katika wiki ya pili tulianza kuchora msingi wa nyumba, na Mzee akaiweka kona kwa jicho, kama alivyozoea. Nilimwomba ruhusa. Nilichukua uzi, nikapima mita tatu upande mmoja wa kona, mita nne upande wa pili, nikamwambia kwamba kona ikiwa sawa, kutoka alama hii hadi ile lazima ziwe mita tano kamili. Zilizidi kwa upana wa kiganja. Tukairekebisha, kisha nikamwonyesha kupima nyumba nzima toka pembe hadi pembe, mara mbili kwa kukingamana, na namba zote mbili zikalingana. Hakusema kitu. Kesho yake alifika amechelewa, jambo lisilo la kawaida, na futikamba mkononi.

“Nimetoka kupima nyumba ya shemeji yangu,” akasema. “Imepinda miaka kumi na miwili, na wewe ulikuwa unakaa kilomita tatu tu kutoka kwangu.”

Nimewahi kupewa vyeti vya semina; hakuna hata kimoja kilichonishika kama lawama ile.

Kuanzia muhula uliofuata, Mzee alileta mafundi wenzake jioni mbili kwa wiki, kumi na mmoja kwa hesabu yangu, nami nikawafundisha kusoma ramani ya nyumba, kukadiria vifaa na kupima kona. Wao, kwa malipo hayo, waliwapokea wanafunzi wetu kwenye kazi zao. Idara ya Mafunzo ya Viwanda, ile iliyoitwa DIT, ilikuwa ikiwapima watu waliojifunza kazi mikononi na kuwapa hati ya PAS, yaani ya ujuzi uliopatikana kwa vitendo, kwa hiyo tukawaandikisha saba kati yao, na mtu mwenye miaka thelathini ya ujenzi akashika karatasi yenye jina lake kwa mara ya kwanza. Habari hiyo ilienea kuliko tangazo lolote tulilowahi kulipia redioni. Ukitaka kulijaribu hili, usimruhusu mkuu wa chuo atoe hotuba siku ya kwanza; mafundi watakwenda zao.

Mwalimu wetu wa ushonaji aliiga bila kunishauri: aliwaita washonaji wa sokoni wapime kola za wanafunzi wake na zake mwenyewe. Yeye alifaulu, na hadi leo hunikumbusha. Mwalimu wa makanika alikataa katakata, akisema hawezi kupimwa na watu wa gereji ya chini ya mwembe, na sijui kama atabadilika.

Kazi ndogo niliyoiona ya maana ni daftari kubwa ninaloandikia waliohitimu, wako wapi na wanafanya nini, nikiwapigia simu kila mwisho wa muhula kwa salio langu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba vijana wetu walikuwa wakijenga vizuri na kula hasara, maana hawakujua kupanga bei. Mmoja alimaliza nyumba nzima akabaki anadaiwa saruji. Sasa hakuna anayehitimu kwangu bila kuleta makadirio ya kazi halisi, bei za dukani za wiki hiyohiyo, pamoja na ujira wake. Bodi nayo, baada ya mabishano marefu, ilikubali kwamba mwalimu anayesimamia kazi ya nje apate sehemu ya malipo yake, si nyingi, ila hufika kwa wakati.

Ukuta wangu kamati ya soko ilitaka kuubomoa. Niliwasihi wauache, wakajenga kibanda pembeni. Kila mwaka huwapeleka pale wanafunzi wapya na timazi, siwaambii aliyeujenga, nawaambia wapime na waeleze kosa lilianzia mstari wa ngapi. Mwaka jana msichana mmoja aliandika milimita ishirini na tano. Nilimwambia ni ishirini na mbili, tukabishana, tukarudi kupima mara ya pili, na muuza nyanya wa jirani, ambaye hajawahi kukosa somo hilo, akapaza sauti: “Mwongeze hizo tatu, mwalimu, si ni za kwako?”